Pete Nne za Kuinulia

Māngere, Auckland
Alhamisi, 6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama vizuri kwa miguu yote miwili, na nyonga isiwe inakusumbua sana asubuhi. Shangazi Foufili naye namwamkia. Najua yuko hapo gatini karibu yako na mwavuli wake, anajifanya anaangalia bahari. Mimi huku sijambo, nakula, nalala, kanisani naenda, baridi bado haijaanza. Asante kwa majimbi uliyompa mke wa mchungaji aniletee. Niliyapika kwa tui la nazi siku ileile nikayala peke yangu, na Binamu Tahega mpaka leo hajui kama yalifika.

Sasa nikueleze vizuri habari ya boti, maana kwenye simu wewe huwa huniachi nimalize. Miaka miwili imepita tangu pete ya kuinulia iliyo nyuma ya boti yako ilipong'oka ukiwa unashushwa baharini na kreni, ukaanguka nayo, ukavunjika nyonga. Tangu hapo hujaenda maji makuu. Unavua na mtumbwi hapo karibu na mwamba, unaleta panzi wa baharini, wale samaki wadogo wanaoruka, unamwambia kila mtu kwamba wanatosha. Hawatoshi, Baba, acha kutudanganya. Mtu aliyezoea kupambana na samaki paala mrefu kuliko mlango wa jikoni hawezi kushiba panzi. Shangazi ameniambia kwamba kila jioni unakwenda gatini kuangalia wenzako wakipandisha samaki, kisha unarudi nyumbani peke yako. Niliposikia hayo nililia, sikufichi.

Kwa hiyo familia ilipokubaliana kwamba upate boti nyingine, na mimi niwe wa kuichagua, niliichukulia kama kazi ya maisha yangu. Binamu Tahega alijitolea kunisaidia, kumbe alikuwa anajichagulia yeye. Jumamosi ya kwanza alinipeleka kwenye uwanja wa boti, akaenda moja kwa moja kwenye moja yenye chumba, madirisha ya kioo, viti vya kuzunguka na friji. Akakaa kwenye usukani, akaniambia nimpige picha. Akasema mjomba akishuka gatini Alofi na hii, watu wa Tuapa watahama kijiji kwa aibu. Nikamuuliza kreni itaishika wapi. Akasema nisiwe na mambo ya kizamani. Nikamuuliza tena, taratibu, kreni itaishika wapi. Ndipo alipoanza kuizunguka boti, mara ya kwanza, mara ya pili, na pete ya kuinulia hakuna hata moja. Mtoto wa dada yako, mzaliwa wa Tamakautoga, miaka kumi na tisa ya Auckland imemsahaulisha kreni. Muuzaji alikuja kutueleza kwamba boti hiyo inashushwa kwa trela, ni rahisi kabisa. Nilipomwambia kwetu pwani yote ni jabali tupu, boti inaning'inizwa hewani ikienda na inaning'inizwa hewani ikirudi, alicheka akidhani namtania.

Tuliona nyingine nyingi. Moja ilikuwa nyepesi, kreni ingeibeba bila jasho, lakini nilibonyeza ubavu wake kwa kidole gumba ukabonyea, nikajua ikigusa mwamba mara moja imekwisha. Nyingine ilikuwa nzito na nene lakini tumbo lake bapa. Nilimwambia Tahega asimame ukingoni na mimi nisimame naye upande uleule, kama watu wawili wanaovuta samaki, nayo ikalala mpaka akanishika mkono. Alisema viatu vyangu vinateleza. Mimi nilikuwa peku.

Ndipo nilipokuambia kwamba kuna karakana moja huku inayotengeneza boti za alumini kwa kipimo cha mtu. Ukanipa masharti yako, nami nikayaandika yote nyuma ya kalenda ya kanisa. Isizidi uzito ambao kreni yetu inaumudu na samaki wakiwemo. Chini iwe nene, milimita nne, na mbele iwe kali ili ikate wimbi badala ya kulipiga. Ubavu ufike pajani, maana mzee mwenye nyonga mbovu anahitaji pa kuegemea. Habari ya chumba hutaki kusikia, kwa sababu chumba ni cha watu wanaokwenda kulala. Maji yanayoingia yatoke yenyewe nyuma. Hayo yote unayaona hapo mbele yako, na kama kuna moja limekosekana niite mwongo.

Lakini sharti lako la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Ulisema hutapanda boti ambayo fundi wake humjui. Ulisema mkono uliochomelea ile pete iliyong'oka ulikuwa mkono wa mtu aliyekuwa anawaza chakula cha mchana, na safari hii unataka kujua aliyeshika moto ni nani, mtoto wa nani, na kama ana mtu anayempenda. Watu wengine huteremka ngazi na kuiacha boti ishushwe tupu. Wewe hutaki kusubiri chini. Unakaa ndani, unaning'inia nayo, mkono mmoja kwenye kofia, na hata baada ya kuanguka umesema utaendelea hivyohivyo. Kichwa chako kigumu, na nimekirithi.

Uliniuliza mara tatu kuhusu huyo fundi. Mara ya kwanza nilikuambia namfahamu. Mara ya pili nikasema ni mtu wa kwetu kabisa, upande wetu wa kisiwa, ukafurahi. Mara ya tatu uliniuliza kama anaijua kazi yake, nikakuambia kwamba alipochomelea pete za boti yako alikuta tundu moja dogo sana kwenye mshono wa pete ya nyuma, dogo kama jicho la sindano. Msimamizi wake alimwambia akate hiyo moja arudie. Fundi akakata zote nne, akaanza upya, akakaa mpaka taa za karakana zikazimwa. Ukacheka kwenye simu, ukasema huyo ana wazimu unaoupenda, na kwamba siku moja utamletea uga mkubwa, yule kaa wa minazi, umfunge kamba mwenyewe. Nilishukuru hukuniona uso.

Baba, keti kidogo hapo ukingoni. Unaamini kwamba nasoma hesabu za ofisini. Unawaambia watu kanisani kwamba Vaimoana atakuwa na meza yake na kalamu zake. Niliacha masomo hayo miaka miwili iliyopita, wiki ileile uliyolazwa. Niliposimama kando ya kitanda chako na kuona mguu wako umefungwa ukining'inia kwa kamba, nilijua sitaweza tena kukaa kwenye kiti nikijumlisha vitu vya watu nisiowajua. Niliporudi huku nilikwenda kuomba nafasi ya kujifunza kuchomelea alumini. Walinicheka mwezi wa kwanza. Walinipa kufagia. Alumini ni kitu chenye hasira, ukiichelewesha inatoboka, ukiiharakisha haishikani, na nilitoboa mabamba mengi kabla haijanikubali. Sikukuambia kwa sababu uliwahi kusema kazi ya moto si ya binti yako, na sikuwa na nguvu ya kubishana na wewe ukiwa kitandani. Hapo nimekosa, na naomba radhi kwa kuficha. Kwa kuchomelea siombi radhi.

Pete zile nne ni mkono wangu. Na mishono yote mingine, kutoka mbele mpaka nyuma, ni yangu pia. Zile ulizoambiwa zilikatwa zikarudiwa, ni mimi niliyezikata. Kabla boti haijapakiwa melini niliomba kreni ya karakana iinyanyue ikiwa na mifuko ya mchanga mara mbili ya uzito wako, wa injini na wa samaki. Kisha nikapanda ndani nikakaa pale unapokaa wewe, ikanyanyuliwa tena, nikala mkate wangu wa mchana huko juu bila haraka. Wenzangu walikuwa chini wananipigia kelele niwatupie kipande. Kwa hiyo kama mtu wa kwanza kuning'inia kwenye pete hizo ni lazima awe mtu mwenye kupendwa, basi ameshaning'inia.

Nadhani sasa umeshaelewa kwa nini barua hii ilikuwa ndani ya sanduku la chini ya kiti cha nyuma, na kwa nini ufunguo alikuwa nao Shangazi. Nilimwomba asikupe mpaka mchungaji awe ameshaiombea boti, na mpaka wewe uwe umeshazikagua pete zote nne kwa kidole gumba, umeinusa mishono kama unavyofanya, na umetoa kauli yako mbele ya watu. Nilimwomba pia aiandike kauli hiyo neno kwa neno na aniletee kwa simu leo hii. Kama umesema fundi huyu ni hodari, umeshasema, Baba, na gati zima limesikia. Na kama umeona kasoro, niambie bila huruma, nitakuja mwenyewe na moto wangu nikate nirudie.

Nisalimie wajomba wote na watoto wa jirani. Jumapili najua boti haitagusa maji, lakini Jumatatu nenda. Paala wa kwanza mpelekee mchungaji, wa pili Shangazi kwa kutunza siri, na yule uga uliyemwahidi fundi mfunge kamba vizuri, maana nitakuja Krismasi kumchukua.

Mungu akuweke juu ya maji salama.

Ni mimi,
fundi uliyetaka kumjua,

Vaimoana binti yako