Nilisoma Nimefumba Macho

Jumanne tarehe 14. Asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya jikoni hapa shuleni. Usipige simu.

Unakumbuka mwalimu wa darasa la pili aliniomba niwasomee watoto hadithi, eti watapenda vitabu wakimwona hata mpishi wao anasoma? Ilikuwa leo.

Niliogopa kukwama, nikakariri kitabu kizima.

Mbele ya darasa nikafumba macho, nikaomba dua kimoyomoyo, nikaanza. Kumbe sikufumbua macho.

Sikufumbua macho, mwenzangu! Nimeshafika fisi anapolia, nalia kama fisi, nasikia katoto kanauliza, "Mwalimu, mbona Bibi Mpishi anasoma amelala?"

Mwingine akasema, "Na bado yuko ukurasa wa kwanza."

Mwalimu akatazama kitabu. Kisha akanitazama mimi.

Nikawaambia ukweli: nimekariri, ninasoma shule ya jioni, bado nafuata maneno kwa kidole.

Halafu binti mmoja anayekaa dirishani, ambaye tangu mwaka uanze amekataa kusoma kwa sauti, akaniuliza, "Kama mimi?"

"Kama wewe."

"Basi soma hivyo hivyo."

Nikasoma sentensi moja kwa kidole. Ilichukua dakika nzima. Hakuna aliyecheka. Binti akaja, akaweka kidole chake, akasoma ya pili.

Hapo nikaropoka mbele ya watoto arobaini na mwalimu wao: "Ijumaa nakuja na kitabu ambacho sijawahi kukifungua. Nitakisoma macho wazi. Dua nitaimalizia jikoni."