Mbao Juu ya Matope

3 Oktoba

Baba,
Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila baridi imeanza kunitia adabu.

Picha za chamchanga wako nimezipata. Kazini wamebaki midomo wazi, ndege wadogo vile na kila unyoya unaonekana! Lakini baba, si uliniambia lenzi ndefu imevunjika? Kwa ile fupi lazima uwe umewasogelea hadi hatua mbili tu, nao wanatembea kwenye matope yaliyommeza ndama wa jirani. Unasimama wapi?

Kitindamimba wako

11 Oktoba

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo unauma nikikaa nyumbani. Nikiwa ziwani hauna habari na mimi.

We mtoto una maswali kama marehemu mama yako! Miaka arobaini nimepiga picha za pasipoti: uso ujaze fremu, masikio yote mawili yaonekane. Leo nimpige ndege awe kama punje ya mchele? Thubutu! Nimetandika mbao juu ya matope, kila siku naongeza mmoja. Ndege wameshanizoea. Masikio yao tu ndiyo sijayapata.

Baba yako

18 Oktoba

Baba,
Shikamoo. Leo sina utani. Nimezipanga picha zako mezani. Katika ya kwanza kuna matete nyuma ya ndege. Katika ya mwisho ni maji matupu, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Naogopa, baba. Nimekata tiketi, nafika tarehe 30. Nisubiri, tutakwenda wote.

Kitindamimba

23 Oktoba

Mwanangu,
Marahaba. Nimefurahi mpaka nimefagia chumba chako mara mbili. Tatizo ni ndege. Maji yanapanda, wenzao wameshahamia ng'ambo, wamebaki watatu. Nawapelekea minyoo kila asubuhi wasiondoke kabla hujawaona. Mbao zinadidimia kidogo, lakini mimi mwepesi.

Baba yako

30 Oktoba

Baba,
Shikamoo. Nimefika, mlango nimeukuta wazi. Jirani anasema alikuona jana asubuhi ukishuka ziwani na kopo la minyoo. Nimekwenda hadi kwenye mbao, nimekuita mpaka sauti imekauka. Ndege hakuna hata mmoja. Mbao nimeona nane, za mbele zimefunikwa na maji.

Tunarudi huko sasa hivi, mimi na jirani, na kamba na ngazi yake. Karatasi hii naibandika mlangoni. Ukirudi kabla yangu, kaa ndani, baba. Usinifuate.

Mwanao