Kwa Atieno, Kuhusu Ukubwa wa Goli

Nyaminwa Atieno, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nimechoka kuongea nawe kichwani, ndiyo maana leo nimekaa chini nikashika kalamu. Najua ungenicheka, kwa sababu mimi na kuandika hatujawahi kupatana. Cheka tu. Na yeyote mwingine atakayesoma barua hii ajue kwamba wewe ulikuwa kipa, mimi nilikuwa beki wako, na nimonia ilikuchukua kabla binti yako Adhiambo hajaanza hata nasari.

Unaukumbuka uwanja wetu wa Asembo Bay? Hata kuuita uwanja ni heshima tu. Upande mmoja ng'ombe, upande mwingine changarawe, na nyuma ya goli lako akina mama wameanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Nyavu hatukuwa nazo. Nyavu zote za pale zilikuwa na kazi ziwani. Kwa hiyo mpira ukipita juu ya kichwa chako ulikwenda kutua kwenye omena za watu, na aliyetukanwa ni wewe, si yule aliyepiga. "Wewe msichana, kwani mikono yako ni ya nini?" Ukaenda kuuokota mpira, ukaomba msamaha, ukapangusa magamba kwenye shati, ukarudi. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu dakika mbili baadaye unaenda tena.

Ulikuwa mfupi kuliko sisi wote, na bado tukakuweka golini, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuangukia zile changarawe. Wewe ulisema tu, "Leteni hizo glavu." Zilikuwa glavu za mtu wa pikipiki. Watu wa pembeni nao hawakukosa maneno: "Mleteeni stuli!" Nawe ukawajibu bila hata kugeuka, "Leteni, nikalie nikiwangoja, maana watu wenu hawajui kupiga." Aki ulikuwa na mdomo. Hata refa alicheka siku hiyo.

Lakini timu nyingine zilijua. Kutoka Bondo mpaka Kisumu kila mtu alijua dawa ya timu yetu: piga juu tu. Msichana anafika katikati ya uwanja, hana hata haja ya kupiga chenga, anainua mpira, na sisi mabeki tunautazama tu ukituruka vichwani. Wewe unarudi nyuma, unarudi, unaruka na mwili wako wote, na mpira unapita juu ya vidole vyako. Kila kona ilipopigwa mimi nilikuja kusimama pale kwenye mstari pamoja nawe, nipige kichwa ile mipira ambayo hukuweza kuifikia. Ulichukia sana. "Toka golini kwangu," ulinisukuma. "Hapa ni kwangu." Nilitoka hatua moja, nikarudi.

Baada ya mechi ulikuwa na tabia ya kwenda ziwani kunawa uso peke yako. Ulifikiri hatujui kwamba unalia. Ukirudi, macho mekundu, ulisema, "Lile la pili ningelifikia." Nami nilikuambia, "Ndiyo, ungelifikia." Tulikwenda nyumbani tukala, na hatukulizungumzia tena.

Sasa nikuambie ya matanga yako, kwa sababu ni kitu ambacho sijawahi kukuambia vizuri. Ulizikwa nje ya ua. Hukuwa umeolewa, na wazee walisema mila ni mila, binti asiyeolewa halazwi ndani ya boma la babake. Niliwapigia kelele mpaka mama akanishika mkono. Ilinichoma, Atieno. Inanichoma mpaka leo nikipita pale kwenye uzio. Mama ndiye alinituliza, akasema huko nje ndiko ulikokuwa unashinda siku zote, na kweli kaburi lako linatazamana na uwanja.

Kesho yake tukacheza mechi ya kukuaga. Unajua kwetu mchezaji akifa timu haiwezi kutawanyika hivi hivi. Wasichana wa Bondo wakaja, wale wale waliokuwa wanakufunga kila mwaka. Tulipotaka kupanga timu, hakuna aliyekubali kuvaa glavu zako. Kapteni akazunguka nazo, kila mtu anatazama chini. Mwisho tukaziweka kwenye nyasi katikati ya milingoti na tukacheza bila kipa.

Mchezo ukaenda hivyo. Mara straika wao, yule mrefu uliyekuwa unamwita Twiga, akanipita, akabaki yeye na goli tupu. Nikasimama. Kila mtu akasimama. Yule dada akautazama mpira, akazitazama glavu, akaupiga pembeni kabisa, ukaenda nje. Kisha akakaa chini akalia kwa sauti. Nilimpenda siku ile, na nilikuwa nimemchukia maisha yangu yote.

Mimi niligeuka kwenda kuuchukua mpira, na hapo ndipo nililiona goli lako. Beki huligeuzia goli mgongo, nyaminwa. Siku zote nilikuwa natazama mbele, nakupigia kelele bila kukuangalia. Siku ile lilikuwa tupu na lilikuwa kubwa ajabu, mwamba wa juu uko huko angani, na glavu zako mbili pale chini ni ndogo. Nikajiuliza ulikuwa unasimamaje hapo kila Jumapili. Lakini ilikuwa siku ya matanga, watu wanaangalia vyakula na viti, na mimi nililisahau wazo hilo.

Siku hizi nakaa Migosi, hapa Kisumu. Nawafundisha wasichana mpira jioni wakitoka shule, mimi ambaye sikuwahi kuwa na subira na mtu. Na Adhiambo yuko kwangu tangu ulipoondoka, na ananiita Mama. Amekua, amefika miaka kumi na minne, ana mdomo wako na, samahani, ana kimo chako. Alipofika umri wa kuchagua nafasi sikumwambia neno. Alikwenda mwenyewe moja kwa moja golini. Niliingia chooni nikalia huko, nikatoka nikamwambia asimame mbele kidogo.

Basi mwezi uliopita ligi yetu ya wasichana hapa Kisumu ikaitisha mkutano. Mwalimu Ogutu, mwalimu mmoja mpole anayesimamia timu ya shule, akaleta pendekezo: wasichana watumie magoli madogo, na uwanja nao upunguzwe. Alisema ameona mabao mengi yanaingia juu ya vichwa vya makipa, na kwamba magoli haya yalipimwa kwa miili ya wanaume wazima na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza kama yanawafaa wengine. Alisema tunawachosha watoto bure.

Nilisimama kabla hajakaa. Unanijua. Niliwaambia, "Leo goli dogo, kesho mpira wa tenisi, keshokutwa tukacheze kati, ule mchezo wa watoto, jikoni!" Watu wakapiga makofi. Nikawaambia uwanja ukipunguzwa tutajikuta tumesukumwa ile pembe ya nyuma ya vyoo, na wavulana wabaki na nyasi. Kisha nikakutaja wewe. Nilisema, "Marehemu mdogo wangu alikuwa mfupi kuliko kila msichana aliye hapa. Alisimama kwenye goli zima, na hakuna siku aliomba lipunguzwe." Hata Mwalimu Ogutu aliinamisha kichwa, na mwenyekiti akasema basi tuahirishe, tutapiga kura mkutano ujao. Nilitoka pale kifua mbele. Nilijua nimekutetea.

Adhiambo alikuwa amekaa nyuma na wenzake. Njia nzima alitembea mbele yangu. Siku ya mazoezi akaniambia tumbo linamuuma. Mazoezi yaliyofuata akaniambia ana kazi ya shule. Jumapili tulipotoka kanisani nikamkuta anaosha vyombo, na glavu zake amezitundika kwenye kamba nyuma ya nyumba, ambapo huwa tunatundika vitu vya kugawa.

"Hizo ni za nani?" nikamwuliza.

"Mpe Akoth wa timu yetu. Mimi nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Kudaka. Nimeacha, Mama."

Nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia wewe hukuacha. Nikamwambia damu yako haiachi. Alisugua sufuria mpaka nikamaliza, halafu akanigeukia na povu mikononi.

"Ulimuuliza?"

"Nani?"

"Mama yangu. Ulisema hakuna siku aliomba goli ipunguzwe. Kwani kuna siku mtu alimuuliza?"

Nilitaka kumjibu kwamba huo ni utovu wa adabu.

"Nyinyi wote mnasema alikuwa anaruka," akasema. "Alikuwa anaruka kwa sababu hakuna kitu ingine angefanya. Mimi naruka pia. Naruka na siifikii, na watu wanacheka, na wewe unaniambia pole, jaribu tena. Nijaribu nini? Nirefuke?" Sasa alikuwa analia. "Ikiingia juu sijui kama ni mimi nimekosea ama ni goli. Sijui hata kama mimi ni kipa ama mimi ni mtu amewekwa tu pale. Si uniambie."

Nilikaa kwenye beseni lililopinduliwa. Nilikuona wewe ukitoka ziwani na macho mekundu. Hatukukuuliza, Atieno. Tulikupenda, tulijivunia wewe, tulikuita simba jike, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama goli lile linakufaa. Lilikuwepo kabla yetu, kama ziwa, tukaona wewe ndiye wa kurefuka. Ningekuuliza ungesemaje? Pengine ungenitusi. Pengine ungesema, "Toka golini kwangu," na ungemaanisha. Pengine ungesema ndiyo. Sijui. Hiyo sijui ndiyo inaniua.

Kwenye mkutano wa pili niliomba kuongea tena. Watu wakajiweka tayari kupiga makofi. Nikawaambia nimekuja kuondoa jina la dada yangu kwenye kura hii, kwa sababu nilimsemea bila ruhusa, na yeye hawezi kunisahihisha. Nikawaambia tuwaulize walio hai. Basi makipa wa timu zote wakaitwa mbele, watoto wembamba na magoti yao yenye makovu, wakaulizwa mmoja mmoja. Wawili walisema goli libaki lilivyo, na walisema kwa kiburi kizuri. Wengine wote walisema lipungue. Mmoja alisema kwa sauti ndogo sana mpaka mwenyekiti akamwambia arudie.

Kuhusu uwanja nilibaki kichwa ngumu vile vile. Wasichana wenyewe walikuwa upande wangu, mawinga walisema wakinyimwa nafasi ya kukimbia wataenda kucheza netiboli. Tukakubaliana goli lipungue, uwanja hakuna kuugusa. Wengine wamekasirika. Kuna kocha mmoja ananiambia nimewarudisha wasichana nyuma, na siku nyingine nikilala vibaya naona kama ana haki. Timu zikichaguliwa kwenda kucheza mbali, huko watakuta magoli makubwa, na sina jibu la hilo. Nimemwambia kocha huyo ukweli kwamba sina.

Fundi wa pale soko la Kibuye alituchomelea magoli mawili ya mabomba, mepesi, wasichana wanayabeba wenyewe mpaka uwanjani wakiimba. Glavu Adhiambo alizitoa kwenye kamba bila kuniambia. Mechi ya kwanza nilisimama nyuma ya goli lake, nikamtazama kutoka nyuma kama nilivyopaswa kukutazama wewe.

Kipindi cha kwanza mpira ukaja juu. Alirudi hatua, akaruka, akaugusa, ukapita nje kona. Hakushangilia. Aliwapigia mabeki kelele wajipange. Mimi nilikuwa nimeshikilia uzio kwa mikono miwili.

Kisha kipindi cha pili akafungwa. Shuti la kawaida kabisa, la chini, lilikuja mikononi mwake, na yeye alikuwa ameshainua macho kutafuta wa kumpa. Likamponyoka katikati ya miguu. Tukapoteza mechi kwa bao hilo moja. Refa alipopuliza, alikuja kwangu moja kwa moja, akaweka uso begani pangu na kulia mpaka blauzi ikalowa. "Hiyo ilikuwa yangu, Mama," alisema. "Hiyo ilikuwa yangu kabisa."

Nilimshika tu. Nami nililia, na watu walidhani nalilia mechi. Nilikuwa nakulilia wewe, mdogo wangu, kwa sababu ulifungwa mabao mengi sana ukayabeba yote, na umekwenda bila kujua ni yapi yalikuwa yako.

Oriti, kwaheri, nyaminwa. Ningekuwa na uwezo ningekuja kukuuliza.

Dada yako, beki wako.