Kanga Niliyoichana Njiani

Mjukuu wangu Daniel,

Marahaba. Hapa Mogitu hatujambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unauliza kama wawindaji walazimishwe kuvaa nguo za rangi ya chungwa. Walazimishwe.

Tulipokuwa vijana, babu yako alikwenda na wenzake kufukuza nguruwe pori mahindini, amejifunika blanketi la kahawia kama wote. Jirani yetu akaona kitu kinatikisika, akaachia mshale. Babu yako hakuinuka tena. Sisemi zaidi.

Wazee walisema ni bahati mbaya. Siku ya msako uliofuata nilisimama njiani, nikaichana vipande kanga yangu ya rangi ya chungwa. Nikawaambia wanaume hapiti mtu kabla sijamfunga kitambaa kichwani.

"Shemeji, nguruwe watatucheka!" mmoja akasema.

"Wakicheka mtajua walipo. Nguruwe ananusa, shemeji. Anayetazama ni mwenzako."

Wakanong'ona kwamba ni uchungu wa mjane. Ndiyo, ulikuwa uchungu, na sikutoka njiani.

Wa kwanza kuinamisha kichwa alikuwa yule jirani. Nikamfunga kitambaa, na fundo nikalikaza.

Bibi yako anayekupenda