Ukuta Katikati ya Ukumbi wa Babu

Isevya,
Tabora.
13 Agosti, 1972

Kwa Shangazi Mwanne binti Shomari,
Kambi ya Mkonge,
Muheza, Tanga.

Mpendwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeitika marahaba huko uliko, maana hapa nimeinua kalamu kidogo kukungoja uitike.

Hujambo Shangazi? Kifua chako kimetulia? Na Mzee wa nyumbani kwako, Mzee Saidi, ule mkono aliochomwa na mwiba wa mkonge umepona, au bado anaufunga kitambaa na kuwaambia watu si kitu? Watoto wanakwenda shule? Usinijibu kwa neno moja tu la “wazima”. Nataka kujua wazima vipi.

Sisi hatujambo kwa miili. Vumbi la mwezi huu ni lile lile, asubuhi baridi, mchana upepo, jioni kila mtu ana kope nyekundu kama aliyelia. Mwaka huu wengine kweli wamelia.

Shangazi, kabla ya barua hii utakuwa umepata nyingine mbili kutoka Tabora, zote kwa mwandiko wangu. Moja imetoka kwa Baba na moja kwa Baba mkubwa Abasi. Wao elimu yao ni ya chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na wewe umejifunza kusoma huko kwenye kisomo cha watu wazima kwa herufi hizi zetu, kwa hiyo kila mmoja aliniita kwa wakati wake nimwandikie. Hakuna anayejua kwamba mwenzake amekwishaandika. Ninayejua ni mimi peke yangu, na kujua kwenyewe kumenikosesha usingizi. Hii ya tatu ndiyo yangu.

Baba aliniandikisha maneno yake akiwa kwenye cherehani pale barazani. Mguu wake haukusimama hata mara moja, akawa anashona na kusema, anashona na kusema. Alisema nikukumbushe ulivyombeba mgongoni kwenda naye kisimani. Baba mkubwa aliniandikisha ndani, kati ya magunia yake ya dagaa wa Kigoma, akasema, “Mwandiko mzuri, Mwanajuma. Na usichanganye humo mambo ya baba yako.” Kisha wote wawili, Shangazi, wakasema jambo lile lile: kwamba wewe uko mbali na chumba chako hukitumii, basi umwachie yeye akutunzie.

Hakuna aliyeniambia nikuulize hali. Zile salamu za mwanzo katika barua zote mbili ni zangu. Nilizitia mwenyewe, niliona aibu bahasha kufika Tanga haina hata hujambo.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana uliondoka siku ya pili baada ya arobaini ya Babu na mengi yamekuja nyuma yako. Ule mgawo uliokuwapo bado ndio huo. Ukiingia, mkono wa kulia ni chumba cha Baba mkubwa, kinafuata cha Bibi, halafu cha Baba mkubwa tena. Mkono wa kushoto ni cha Baba, kinafuata chako, halafu cha Baba tena. Sheikh alisema haikukaa sawasawa na hesabu ya vitabuni, lakini nyumba haikatwi kama kitambaa, mkaridhiana wote, ikasomwa fatiha. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la kahawa. Nakumbuka Baba na Baba mkubwa walikumbatiana.

Tatizo ni kwamba siku ile viligawanywa vyumba tu. Ukumbi wa katikati hakuna aliyeugawa. Nani angefikiri kugawa njia ya kupita?

Baba mkubwa alipopata mzigo mkubwa wa dagaa, akajaza vyumba vyake, magunia yaliyobaki akayapanga ukumbini. Baba alikuwa ametundika huko huko nguo za arusi ya watu wa Bukene. Bibi arusi alipokuja kuchukua gauni lake alilinusa, akalirudisha juu ya cherehani bila kusema neno, akaondoka. Shangazi, kama angetukana ingekuwa afadhali. Baba akayatoa magunia yote akayatupa uani. Baba mkubwa akarudi kutoka msikitini akayakuta kuku wanayadonoa.

Hapo ndipo lilipotoka lile swali, “Ukumbi ni wa nani?” Limekaa humu ndani mpaka leo kama mgeni asiyeaga.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lugembe, aliitwa kuamua. Unamjua, Msukuma yule, hakosi utani. Alisimama mlangoni akatazama huku na huku akasema, “Wanyamwezi nyinyi, mkigawana mbuzi mnaanza kugombea kamba.” Hakuna aliyecheka. Akawaambia taifa zima linahimizwa kuishi pamoja vijijini, na wao ndugu wawili wa tumbo moja wanashindwa kuishi katika ukumbi mmoja. Baba mkubwa akamjibu, “Balozi, kijijini hakuna dada yangu wala mdogo wangu, ndiyo maana watu wanaelewana.”

Wiki ile ile mwalimu wetu wa siasa aliuliza darasani, ujamaa wetu una asili gani. Nilijua jibu la kitabuni, kwamba asili yake ni jamaa, watu wa nyumba moja kula na kufanya kazi pamoja. Akanitazama mimi. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu. Unajua mimi kusema mbele za watu siwezi, lakini siku ile haikuwa haya tu. Nilisikia harufu ya dagaa kwenye sare yangu.

Basi wakaafikiana jambo moja tu kati ya yote: kujenga ukuta. Ukuta wa matofali mabichi, uanzie mlango wa mbele hadi mlango wa uani, ukumbi uwe sehemu mbili. Mlango mkubwa una pande mbili, kila mmoja achukue upande wake. Uani, kisima kikaangukia kwa Baba, jiko na choo vikaangukia kwa Baba mkubwa. Mama yangu aliuliza tutakuwa tunapikia wapi, akaambiwa hayo ni mambo madogo.

Na sasa utaelewa kwa nini kila mmoja anakitaka chumba chako. Wamepatana kwamba mwenye vyumba vitatu ndiye atakayepata sehemu pana ya ukumbi. Neno lako moja tu ndilo litakalosogeza ukuta huku au kule.

Ngoja kidogo, Baba mkubwa anapita.

Nimerudi. Alisimama akauliza naandika nini, nikasema insha ya Kiingereza. Huwa nasema hivyo nikitaka kuachwa. Kiingereza humu ndani ndicho pazia langu. Bibi naye akitaka kuwasema wanawe mimi nisielewe, huhamia Kinyamwezi, hajui kwamba namwelewa sana.

Fundi aliletwa kutoka Goweko, anaitwa Modest, kijana mpole. Hawakungoja hata jibu lako. Walisema waanze katikati kwa muda, ukuta ukiwa bado mfupi utasogezwa. Nilitoka shule nikaukuta umefika magotini, fundi anapiga kamba, Baba yuko upande huu na Baba mkubwa upande ule, kila mmoja anachungulia kamba isije ikamwibia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake. Akaniita, “Mwanajuma, hebu shirikiana na mama yako mnitolee kitanda changu.” Kile cha kamba. Tukakitoa chumbani, tukakiinamisha, tukakigeuza. Kikakwama kati ya ukuta na mlango. Tukajaribu kukiinua juu ya tofali, Bibi akakataa, akasema, “La, mfanye kama ukuta umekwisha kujengwa.” Kikakwama vile vile. Fundi akaacha kazi akawa anatazama.

Bibi akasema, “Basi hata jeneza halitapita.”

 Akaendelea taratibu, hakupandisha sauti, “Mimi niliingizwa humu kwa ngoma, nikapitishwa katikati, watu wakinipepea huku na huku. Baba yenu ametolewa hapa hapa katikati, nyinyi wawili mkiwa mbele mmeshika, huyu kulia na huyu kushoto. Mimi mtanitoa ubavu ubavu kama kabati?”

Ningependa kukuandikia kwamba walilia. Baba mkubwa alisema, “Mama, Mungu akupe umri, kwa nini unasema hayo?” Halafu Baba akasema, “Jeneza litapita kwangu, nitaacha nafasi.” Na Baba mkubwa akageuka, “Kwako kwa nini? Chumba chake kiko upande wangu.” Baba akasema mama si wa upande. Baba mkubwa akasema mbona dirisha lake amelitengeneza yeye. Wakaendelea hivyo, mbele yake, kitanda kimekwama katikati yetu na mimi nimekishika mguu mmoja.

Bibi akasema, “Bado sijafa mmeshanigombania.” Akainuka, akaning'ang'ania bega, akauvuka ule ukuta. Goti lake unalijua. Alipofika upande wa pili alikuwa anahema.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Alisimama mbele ya mlango wa chumba chako akaninyooshea kiganja. “Toa ufunguo.” Nikasema ufunguo gani, Bibi. Akasema, “Wanifikiri sisikii mlango wa Mwanne ukilia kila alasiri?”

Ule ufunguo ulionipa stesheni ukaniambia nifagie mara moja moja na nisimwambie mtu, sikumwambia mtu. Lakini sikuwa nafagia tu, Shangazi. Nimekuwa nikiingia humo kusoma. Ni mahali pekee katika nyumba hii ambapo siitwi. Nakaa chini ya dirisha, vitabu juu ya sanduku lako, sigusi kitu. Na lazima niseme kweli: waliponiandikisha zile barua mbili, jambo la kwanza lililonichoma si Bibi, wala si wewe. Niliwaza nitasomea wapi. Nimejionea haya kwa hilo. Naona nami nilikuwa nimekwishajigawia.

Nikaufungua mlango mbele ya wote. Baba alinitazama, Baba mkubwa akanitazama, na ufunguo ukagonga kitasa kama mtu anabisha hodi. Bibi akaingia, akalala juu ya mkeka wako. Nilipomletea maji nikamwuliza kwa nini ameacha chumba chake mwenyewe. Akasema, “Changu wamekihesabu nikiwa ndani. Hiki hawawezi mpaka mwenyewe ajibu.”

Tangu siku hiyo yuko humo. Baba anadhani mama yake amemchagua yeye, anatembea akipiga mluzi. Baba mkubwa hapokei chakula cha kwetu. Fundi Modest aliosha mwiko wake akasema yeye ana mama, hajengi ukuta ambao mama ameusema vile, wakielewana wamwite, akapanda gari akarudi Goweko kwenye shamba lake la tumbaku. Lakini matofali bado yamepangwa uani, na kila mmoja anangoja barua kutoka Tanga. Ukuta nao uko pale pale magotini. Wote tunauruka. Mama anauruka na chungu cha moto, watoto wameufanya mchezo, na Bibi anauruka akienda chooni, kila mara akiliomba goti lake msamaha. Kila nikimshika mkono naogopa atajikwaa, kisha ule ugomvi wa jeneza uwe wa kweli.

Sina umri wa kukwambia la kufanya. Lakini usimjibu Baba peke yake, wala usimjibu Baba mkubwa peke yake. Ukimpa huyu, matofali yataingia ndani siku hiyo hiyo. Ukimpa yule, vile vile. Kama waweza kupanda gari uje, njoo. Kama Mzee Saidi hajapona na huwezi, basi andika barua moja tu, kwa wote wawili, useme chumba chako ni cha Bibi kulala maadamu yu hai, na kwamba hukubali ukuta kupita mbele ya mlango wako. Mlango ni wako, na wao hawawezi kukataa.

Mimi sikitaki tena. Ufunguo nimeufunga katika pindo la khanga ya Bibi, na vitabu vyangu nimevihamishia barazani karibu na cherehani. Kelele nitazizoea.

Barua yako ikifika wataniita mimi niisome, maana hawana mwingine. Kila mmoja atanivuta chumbani kwake. Sitakwenda. Nitasimama ukumbini juu ya ule ukuta, Bibi akinisikia kutoka ndani, na nitaisoma kwa sauti ambayo darasani hawajawahi kuisikia. Nimekwisha kuijaribu mara moja, nyumba ilipokuwa haina mtu. Ukumbi wa Babu unaitikia vizuri.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama zile mbegu za bamia ziliota. Wadogo zangu wanakusalimu. Balozi Lugembe amesema nikwambie mbuzi bado yuko hai. Baba na Baba mkubwa hawajui kama nakuandikia, lakini wasalimie moyoni mwako, maana wao wamesahau kukusalimu kwa ajili ya hasira, si kwa ajili yako. Bibi alishika tu karatasi hii kidogo akanirudishia. Utaona alama ya kidole chake pembeni, alikuwa anachambua mchicha.

Nisalimie Mzee Saidi na watoto wote. Mwenyezi Mungu akulindeni na miiba ya huko, akufikishe kwetu salama, na akupitishe katikati.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungojea mlangoni,

Mwanajuma binti Yahaya