Mpira Wenye Mkia Bandani kwa Mama Kulwa

Nyahanga, Jumatano usiku

Dishi la Mama Kulwa, mwenye banda la kuonyeshea mpira, halina kosa. Hilo sasa nalisema bila kusita. Mpira unaacha mkia kwa sababu mwanga wa runinga haukatiki: kila picha inatulia kiooni ilhali jicho linaendelea kuufuata mpira, na mwendo huo wa jicho ndio unaoivuruga.

Leo mchana niliwasha mpangilio wa runinga unaouzima mwanga kwa kitambo kidogo kati ya picha na picha. Mkia ulipungua sana. Lakini picha nayo ikaingia giza.

"Mwanangu, tunaangalia mpira au tuko msibani?" Mama Kulwa aliuliza.

Wateja walicheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa wateja wengine wameshahamia banda la jirani, na fainali ni Jumamosi.

Nadhani kinachotuponza ni jua linalopenya kwenye mabati na kuififisha zaidi picha. Kesho tutayaziba matundu kwa magunia ya pamba. Lakini mzee mmoja alilalamikia macho, na huenda ni huku kuwaka na kuzima kwa mwanga... sina hakika.

Ijumaa nitatazama mchezo mzima peke yangu. Macho yakiniuma, nitauzima mpangilio huo na kumwambia Mama Kulwa ukweli, kwamba unaumiza macho na mkia utarudi, kabla hajafungua mlango Jumamosi.