Barua Iliyokaa Nyuma ya Ndoo ya Asali

Cheyo,
Tabora.
19 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Jeska,

Marahaba, maana najua umekwisha kuniamkia. Hujambo huko Arusha? Shemeji Gerson na mtoto wazima? Sisi hatujambo, ila magoti ya mama yanamsumbua na hizi mvua.

Habari kubwa ni ya kaka yetu. Lugembe amepimwa makohozi, amekutwa na kifua kikuu, na leo ni siku ya saba anameza dawa mbele ya muuguzi wa gereza. Homa imeanza kushuka. Barua yako ndiyo iliyofanya kazi. Sentensi hiyo nimeiandika kwa taabu, basi ifurahie.

Unajua tangu awekwe mahabusu ni nani anayekwenda kila Jumapili. Ni mimi ninayepanga foleni getini, napekuliwa, naonja chakula mbele ya afande ndipo kiingie ndani. Kikohozi kilipomwanza nilimpelekea asali ya mizinga ya baba, miezi mitatu mfululizo. Kwetu kikohozi ni asali, hata wewe umekua nayo. Niliapa atapona kwa mkono wangu.

Halafu ikaja bahasha yako yenye mhuri wa ofisi yenu ya msaada wa sheria, nimpelekee mkuu wa gereza. Karatasi moja tu. Mama akaikumbatia, akasema, "Jeska ndiye atakayemponya mwanangu." Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo na kikapu mkononi.

Jeska, nilikuonea wivu. Miaka yote wewe ndiye wa shule, wewe ndiye wa ofisi, na sasa hata kikohozi cha kaka unakiponya ukiwa umekaa kwenye kiti. Nilimwambia mama nimeipeleka. Sikuipeleka. Niliiweka nyuma ya ndoo ya asali, Jumapili nikaenda na chupa yangu kama kawaida.

Jumapili iliyofuata Lugembe alikuja ameshikiliwa na mwenzake. Alikohoa kwenye mkono wa shati, ukaingia damu. Nilirudi nyumbani mbio, nikaitoa ile barua na kuipeleka siku hiyo hiyo. Ilikuwa imekaa siku kumi na mbili.

Mkuu wa gereza aliisoma mbele yangu. Ilisema kwamba kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka aliyefungiwa atibiwe sawa na mtu wa uraiani, bure, bila kubaguliwa. Kesho yake Lugembe akapelekwa hospitali. Nilitamani maneno yale yawe yangu, sikufichi.

Muuguzi anasema angeanza dawa mapema kidogo, pafu la kushoto lisingechakaa hivi. Hakujua anamwambia nani. Lugembe naye aliniuliza mbona barua ilichelewa, nikasingizia mvua, eti imekata njia. Akanipa pole.

Jumapili nitamwambia ukweli. Mama nitamwambia baadaye, nikipata moyo. Wewe nimetaka ujue kwanza, kwa sababu niliyekuwa nashindana naye ni wewe, na aliyekuwa anakohoa ni yeye.

Ukiandika tena kwa wakubwa, nitumie nakala na mimi niisome. Wivu haujaisha, ila sitaificha.

Mama na shangazi Paskazia wanakusalimu. Mbusu mtoto. Mungu akulinde, aubariki na huo mkono wako wa kuandika.

Dada yako akupendaye, hata akikuonea wivu,
Nyamizi